Mashine Iliyopoteza Mwendo Kwedizinga

Mwanangu Zaina,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya chandarua, ya kula kwa wakati, ya kulichunga begi ndani ya treni, mama yako ameyasema yote, na kama limebaki moja atalisema dirishani kabla treni haijaondoka. Mimi nimejifungia karakana. Wateja nimewaambia leo hakuna kazi. Naandika juu ya benchi, kando ya jiliwa la kubania vyuma, kwa hiyo ukiona alama ya mafuta kwenye karatasi usishangae.

Juzi ulikwenda kumuaga mwalimu wako ukarudi umenyamaza. Nilidhani ni mawazo ya safari. Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kuna mtu pale alisema, kwa sauti ya kutaka usikie, kwamba binti wa mhujumu anakwenda kusomeshwa mitambo ya serikali. Wewe hukuniambia kitu. Nakujua, ulitaka kuniepusha na aibu. Lakini huko Dar es Salaam utakutana na watu wa Handeni na wa Korogwe, na habari hii wanayo, kila mmoja na kipande chake. Afadhali uwe nayo nzima.

Ni kweli nilikamatwa. Ni kweli neno lililotumika lilikuwa hujuma. Wewe ulikuwa darasa la pili, na mama yako alikwambia nimekwenda Same kikazi. Ulinisubiri nikuletee ndizi za huko. Nilirudi mikono mitupu ukanuna.

Nianze na mashine, maana bila mashine utaona ni ugomvi wa watu tu.

Ile mashine yetu ya kuchomelea ya juu ya trela umeijua ikiwa imezeeka. Wakati ule rangi yake ilikuwa bado inang'aa. Injini ya dizeli mbele, dainamo nyuma yake, na trela la kuivutia mpaka mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika, yaani karibu kila mahali. Moto wa kuchomelea unatoka kwenye mwendo wa injini, hilo unalijua. Injini ikizunguka sawasawa, moto unatulia, chuma kinayeyuka na kushikana. Mwendo ukishuka, moto unapoa, rodi ya kuchomelea inang'ang'ania kwenye chuma, na hata unapofanikiwa kuchora mshono, unakuwa umelala juu ya chuma bila kuingia ndani. Anayeutazama mwendo ni gavana. Mzigo ukiongezeka, gavana inaongeza mafuta. Mzigo ukipungua, inapunguza. Kwenye gavana kuna skrubu inayoizuia injini isipite kiwango chake, na skrubu ile ilikuja kutoka kiwandani imefungwa kwa waya na kipande cha madini ya risasi chenye muhuri.

Kabla ya kuingia karakana hii nilifanya kazi shamba la mkonge, na aliyenifundisha kule alikuwa Kalasinga mmoja mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo. Mashine ikiletwa, aliweka mikono nyuma akaizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Sisi vijana tulimcheka. Akiniona nimeshika bisibisi ananiuliza, "Umeshajua?" Nikisema bado, anasema, "Basi mkono mfukoni." Baada ya Azimio mashamba yalipotaifishwa, aliondoka na familia yake. Nilimkumbuka miaka michache baadaye, nikiwa mahali ambapo hata bisibisi sikuruhusiwa kuwa nayo.

Mwaka ule niliokamatwa watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Wengine walihama kwa hiari, wengine lori lilisimama mlangoni. Katika kijiji kimoja huko Kwedizinga familia nyingi zilishushwa kwenye uwanda mzuri wa kulima, wenye nyumba zilizochorwa kwa mstari, lakini hauna maji. Walikuwa wanachota kwenye lambo, na ng'ombe wa Wamasai walikuwa wanakunywa humo humo. Watoto waliharisha. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye mahame yao, na viongozi wakawa wanahesabu nyumba zilizobaki wazi. Kisima kilikuwa kimechimbwa na pampu imeletwa. Kilichobaki ni kuchomelea mnara wa chuma, tangi la juu yake, na bomba la kupandishia maji. Karakana ikapewa kazi, nami nikatumwa pamoja na Singano.

Singano umemwona mara nyingi bila kujua haya. Ni Msambaa wa milima ya juu ya Mkumbara, ndiye aliyekuwa dereva wa Landrova na mwangalizi wa injini. Mimi nachomelea, yeye anatia mafuta, anawasha, anazima. Tulikuwa watani, Mzigua na Msambaa, na tulitaniana njia nzima. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo si la utani. Singano hasemi asichokiona. Ukimuuliza kama mvua itanyesha atakwambia kuna wingu. Ukimuuliza kama fulani ni mlevi atakwambia alimwona ameshika chupa. Wenzetu karakana walimwona mzito wa akili. Mimi nilimpenda kwa hilo, mpaka siku liliponigeukia.

Siku ya kwanza pale kijijini mashine iliwaka vizuri asubuhi. Nikachomelea miguu ya mnara. Kabla jua halijapanda sana nikasikia injini inazama. Mngurumo ukawa mnene, moto ukafifia, rodi ikaganda. Nikaiacha ipumzike kidogo, ikarudi yenyewe. Nikaendelea, ikazama tena.

Hapa ndipo nilipotakiwa kuweka mkono mfukoni. Sikuweka. Kulikuwa na watu wengi wamesimama wananitazama, akina mama na ndoo zao, na nikaona haifai fundi kutoka Korogwe asimame tu. Nikasema gavana imelegea. Nikakaza springi. Injini, kwa kuwa ilikuwa imepumzika wakati nakaza, ikarudi na nguvu. Nikajiambia mkono wangu ndio ulioiponya. Ilipozama tena nikakaza tena, na kila nilipokaza ilikuwa imepumzika, na kila ilipopumzika ilirudi, nami kila mara nikajisifu. Unaona ule mtego? Ni mtego mbaya kuliko mashine isiyosikia dawa kabisa. Mashine isiyosikia inakufanya ufikiri. Hii ilikuwa inanipongeza.

Siku iliyofuata springi ilifika mwisho. Nikakata ile risasi ya muhuri kwa koleo, nikaifungua skrubu ya kiwango, nikaiachia injini njia yote. Singano alikuwa amesimama kando yangu na kopo la dizeli. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Ikaenda vizuri kwa muda, kisha ikazama vibaya kuliko siku zote, ikazimika.

Mchana ule akaja afisa aliyekuwa anasimamia uhamishaji katika eneo lile. Jina lake silitaji, ana watoto wa rika lako. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeahidi maji mbele ya mkutano, na aliyeambiwa kwamba mgeni mkubwa atakuja kuyafungua. Aliizunguka mashine, akainama, akauona waya uliokatwa na risasi chini kwenye vumbi. Akaiokota.

Akamuuliza Singano, "Hii ni nini?"

"Muhuri wa gavana."

"Unaruhusiwa kukatwa?"

"Hauruhusiwi."

"Nani kaukata?"

"Mhando kaukata," Singano akasema. Mhando mwenyewe nilikuwa hapo hapo, juu ya ngazi.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Basi. Hakuongeza kwamba nilikuwa nahangaika kuinusuru kazi. Hakuongeza kwamba injini ilikuwa mbovu kabla sijaigusa. Hakuulizwa hayo. Nilianza kueleza, lakini maneno ya mtu aliye juu ya ngazi, jasho linamtoka, na ushahidi uko mkononi mwa mwingine, hayana uzito. Afisa alisema kwa upole kabisa kwamba nitaeleza Handeni. Nikafungwa pingu na askari wake mbele ya wale akina mama. Mmoja wao alitema mate chini. Simlaumu, alikuwa na mtoto mgongoni anayeumwa tumbo.

Sikupigwa. Nasema hivyo kwa sababu kuna kipande cha habari kinachosema nilipigwa. Niliwekwa chumba kimoja na mwizi wa mbuzi, mtu mchangamfu, na nikaandikwa maelezo ambayo yalifanana na niliyosema lakini hayakuwa niliyosema. Siku hizo neno hujuma halikuwa dogo. Nilijua watu waliokwenda nalo wakakawia kurudi. Niliwaza juu ya mama yako, na juu yako, na ada ya shule. Zaidi ya hapo nilimuwaza Singano. Nilitunga maneno ya kumwambia. Niliyapanga vizuri, nikayarudia mpaka yakawa makali kama patasi.

Yalipoisha maneno nikabaki sina la kufanya, ndipo nikaanza kuifikiria mashine. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuifikiria. Mikono haikuwa na kitu cha kushika. Nikaiona kichwani na nikaanza upya, si kwenye gavana, bali mwanzo kabisa: nini hasa inafanya, na lini. Asubuhi inakwenda vizuri. Baada ya muda wa kazi inazama. Ikipumzika inarudi kidogo. Na nikakumbuka kwamba kuna nyakati ilirudi vizuri zaidi, ikakaa muda mrefu bila kuzama. Nyakati hizo zilikuwa lini? Nilihangaika na swali hilo huku mwizi wa mbuzi akinisimulia ya kwake. Zilikuwa baada ya Singano kuongeza mafuta.

Kesho yake Singano alikuja. Alipata nafasi kwenye lori lililokuja kuchukua unga wa kijiji. Askari wa zamu, mtu mzima mwenye mvi, akamruhusu asimame dirishani. Alileta ugali na mlenda, umefungwa kwa kitambaa safi. Nilimtazama, na yale maneno yangu yalikuwepo, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Ulipokuwa unatia mafuta, tangi lilikuwa limekauka?"

"Hapana. Lilikuwa nusu."

"Ulipofungua kifuniko cha tangi, ulisikia nini?"

Akafikiri. Singano akifikiri unaweza kula ukamaliza. "Kilifyonza," akasema. "Kama mtu anayevuta chai ya moto."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nami nikadhani ndivyo kilivyo."

Nilicheka, Zaina. Mwizi wa mbuzi akanitazama kama nimepata wazimu. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingizia hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu likiziba, tangi linavuta, injini inavuta, na mafuta yanazidi kuwa machache mpaka mwendo unashuka. Ukiiacha ipumzike, hewa kidogo inapenya kwenye nyuzi za kifuniko. Ukifungua kifuniko, inaingia yote. Gavana haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inaomba mafuta na hayaji, nami nilikuwa naikaza koo.

Nikamwambia Singano: rudi, legeza kifuniko, washa, uone. Akaitikia, akaenda kuwahi lori.

Nilikuwa nimemaliza nusu ya ugali niliposimama. Skrubu. Skrubu ya kiwango niliiachia wazi, na springi niliikaza mpaka mwisho. Injini ile ilikuwa inazuiwa na kitu kimoja tu, njaa ya mafuta. Sasa nilikuwa nimemtuma mtu akaishibishe. Itapanda, na hakuna wa kuizuia. Nimewahi kuona, kule shamba la mkonge, feni ya injini iliyopitiliza mwendo ikikatika panga moja. Lile panga lilitoboa bati la ukuta. Na Singano huwa anasimama upande wa feni, kwa sababu ndipo kilipo kipini cha kuwashia.

Nikamwita askari mwenye mvi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mambo ya mashine hayamo katika zamu yake. Nikamwomba amwite afisa. Afisa alikuja, sijui baada ya muda gani, mimi niliona ni siku nzima.

Nikamwambia, "Kuna mtu ataumia kule. Ile mashine ikiwashwa na mafuta yakifika sawasawa, itapita kiwango. Anaweza kufa."

Akanitazama kwa makini. "Kwa hiyo umekubali kwamba umeitegesha."

Hapo nilielewa nilipo. Nikikanusha, tutakaa pale tukibishana mpaka lori lifike Kwedizinga. Nikikubali, nimejifunga mwenyewe. Ningependa kukwambia nilifikiri kwa ushujaa, lakini sikufikiri hivyo. Nilikuwa na hasira na Singano bado, hasira mbichi. Ila kichwani niliiona kofia ya sufi aliyokuwa akiivaa siku zote, nikaona panga la feni.

"Andika unavyotaka," nikamwambia. "Lakini twende."

Akaandika kweli. Aliandika mstari mmoja akiwa amesimama, akanipa nikatia sahihi. Kisha akaita gari.

Njiani afisa alikaa mbele. Nilikaa nyuma na askari, pingu mikononi, kichwa nimekitoa pembeni ya turubai nikisikiliza. Unajua jinsi injini inavyosikika kwa mbali katika uwanda, kabla hujaona hata bati la nyumba. Niliisikia. Ilikuwa imeshawashwa. Nikasubiri ipande. Injini inayokimbia ina mlio wa juu, unasikia mpaka kwenye meno. Nikasubiri, na gari likasogea, na mlio ukabaki pale pale, mzito, umetulia kama mtu anayesaga.

Singano alikuwa amekaa juu ya dumu, upande ule ule wa feni. Kifuniko cha tangi alikuwa amekitoa kabisa, na juu ya mdomo wa tangi ametandika leso yake kuzuia vumbi. Aliposikia gari akasimama akavua kofia kwa ajili ya afisa.

Nikamuuliza kabla hata sijashuka, "Skrubu?"

"Nimeirudisha. Na springi."

"Umejuaje zilipokuwa mwanzo?"

"Nilikuwa nahesabu ulivyokuwa unazungusha," akasema. "Nilijua kuna siku utataka kurudi ulipoanzia."

Afisa alitaka kuona kwa macho yake, na alikuwa na haki. Nikamwomba Singano arudishe kifuniko na kukikaza, nikaomba nifunguliwe mkono mmoja. Nikashika rodi kwa mkono wa kulia huku pingu inaning'inia kwenye wa kushoto, na watu wakajaa wakatuzunguka. Rodi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili ilipofika katikati moto ukaanza kufa na injini ikazama, mbele ya kila mtu. Nikasema, "Legeza." Singano akalegeza, kifuniko kikafyonza, kila mtu akasikia, na mngurumo ukapanda ukasimama mahali pake.

Afisa alichukua kifuniko, akachokonoa tundu kwa mwiba. Ukatoka udongo mkavu, na ndani ya udongo kifunza kilichokauka. Unawajua wale nyigu weusi wenye kiuno chembamba wanaofinyanga vyumba kwenye matundu ya kuta? Mashine ilikuwa imelala uani masika nzima, na nyigu alipata nyumba.

Yule mama aliyetema mate alisogea akautazama ule udongo kiganjani mwa afisa. Akamuuliza, "Mzee, ndiyo hujuma yenyewe hii?"

Hakuna aliyecheka. Afisa akaniambia niendelee na kazi. Ilibidi nimkumbushe kunifungua pingu. Hakuniomba radhi, na ile karatasi niliyotia sahihi sikuiona tena. Sijui aliichana au aliihifadhi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisikia gari linasimama nje nanyanyua kichwa.

Kilichofuata watu hawakisimulii, lakini kwangu kilikuwa kigumu kuliko chumba cha Handeni. Ile mishono niliyochora injini ikiwa dhaifu ilikuwa inapendeza kwa juu. Mgeni alikuwa karibu. Tangi likijaa maji lina uzito wa lori, na litakaa juu ya vichwa vya wanaochota. Nilipomwambia afisa kwamba nataka kuipasua yote na kuanza upya, aliutazama mnara, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa mtu aliyetoka mikononi mwake jana, na sasa naomba kubomoa. Akamgeukia Singano.

"Wewe unasemaje?"

"Aliichomelea wakati injini imezama," Singano akasema. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akaongeza bila kuulizwa: "Mimi singemruhusu mtoto wangu asimame chini yake."

Tukaipasua. Mgeni alikuja akakuta tuko juu ya mnara, akapungia mkono akaenda zake. Maji yalipanda baadaye, siku isiyo na sherehe. Lile tangi liko mpaka leo, na limevuja mara moja tu, kwenye koki, ambayo siyo kazi yangu.

Sasa Singano. Ndugu za mama yako walitaka nimkatae. Walisema mtu aliyekutaja mbele ya serikali si mtu wa kukaa naye gari moja. Sikumkataa. Lakini pia sikumsamehe, usidhani nilimsamehe. Nilifanya naye kazi, nikamtania kama zamani, na ndani kulikuwa na kitu kimekaa. Nilimlaumu kwamba alisema nusu ya alichokijua. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mimi pia nilimtuma kwenye ile injini na nusu ya nilichokijua, na nusu yangu ingemuua, kama asingekuwa na tabia ile ile niliyokuwa naichukia. Sikusemi wewe hapa. Najisema mimi.

Alipoacha kazi akarudi kwao, nilikwenda kumsalimu. Tulikaa nje tukamenya miwa. Akaniuliza, miaka yote ile imepita, "Ulikasirika?"

"Nilikasirika."

"Sana?"

"Sana."

Akamenya kipande kingine, akanipa kile kizuri cha chini, chenye sukari. Akasema, "Mimi niliona vibaya tangu lile neno lilipokuwa mdomoni. Lakini lilikuwa limeshatoka." Hiyo ndiyo radhi niliyopata katika shauri lote lile, na ilitoka kwa mtu ambaye hakusema uongo. Niliila pamoja na muwa.

Nimeandika sana na sijakuuliza la kwako. Nakumbuka mwaka jana kule Makuyuni, tulipokwenda kuchomelea plau ya trekta. Injini ya mashine yetu ikakataa kupanda. Nikigusa chuma kwa rodi inabaki na mwendo wake wa kupumzikia kana kwamba hakuna kazi. Nilikuwa nimeshafungua sanduku la spana. Wewe ukainama ukakwangua kutu na rangi pale nilipobana waya wa chini, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, ukaubana tena, na injini ikapanda. Nilikununia mpaka Korogwe. Nilikununia kwa sababu ulikuwa umeona na mimi sikuona, na mama yako alicheka sana nilipomweleza. Sikukwambia wakati ule kwamba ulifanya vizuri. Ulifanya vizuri.

Huko chuoni watakufundisha kwa vitabu na vipimo ambavyo mimi sina. Kuna geji ya kuhesabu mizunguko ya injini; ukiipata itumie, usijitie kusikiliza kwa sikio kama baba yako ili watu wakuone fundi. Utakuwa msichana peke yako kati ya vijana, na watakutazama kama mimi nilivyotazamwa na wale akina mama. Kutazamwa ndiko kulikonifanya nishike bisibisi. Sina dawa yake. Nakwambia tu ilivyonipata mimi.

Kesho kituoni sitasema mengi, unanijua. Nitabeba sanduku lako na nitaongea na makarani wa reli habari za mabehewa. Usione ni ukavu.

Na ikitokea huko mtu wa kwetu akakuuliza kama wewe ni binti wa yule Mhando aliyefungwa pingu Kwedizinga, usinitetee, na usikae kumsimulia yote haya. Mwambie ndiyo, ni baba yangu. Kisha muulize kama ana mizigo ya kupeleka nyumbani, maana likizo utakuja.

Baba yako,
Ramadhani Mhando
Korogwe